Maji ya moto yanatoka kidogo kwenye mabomba ya PPR

Ndugu, umesema umeunga mwenyewe mabomba ya PPR (ya plastiki, yanayoungwa kwa kuyeyushwa) ya milimita 20, na sasa maji ya moto yanatoka kidogo kuliko ya baridi. Pole sana. Nahisi uliyeyusha kupita kiasi: plastiki ikilainika mno hujikunja kwa ndani. Niliwahi kukata kiungo nikakuta pete ya plastiki imebakiza tundu la kupitisha penseli tu. Funga maji, kata kimoja uchungulie.

Ukiunga upya, mashine ya kuyeyushia iwe nyuzi 260 za Selsiasi, bomba likae sekunde 5 tu, ulisukume moja kwa moja bila kulizungusha, kisha ulishikilie mpaka litulie. Hakikisha pia limeandikwa PN20, alama ya kiwango cha shinikizo kinachofaa maji ya moto. Hita yenyewe na vali yake ya usalama usiziguse, mwite fundi aliyesomea.