Lulu na Uzi Wake

Mhariri, wiki iliyopita mlituuliza sisi wasomaji: "Katika fasihi, lulu inakuambia nini?" Swali hilo nimekaa nalo siku nne kwenye cherehani. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye, na kazi inayolipa karo nyumbani kwangu ni magauni ya harusi. Lulu nazishika kila siku, ingawa nyingi ni zile za plastiki zinazouzwa kwa pakiti. Ya kweli ukiisugua polepole kwenye jino utaisikia ikikwaruza kama vumbi laini. Ya plastiki huteleza tu.

Jibu langu ni kwamba katika fasihi yetu ya Kiswahili lulu haikai peke yake. Hutungwa. Ukiitoa kwenye uzi umeitoa kwenye maana yake.

Sikilizeni kitenzi chenyewe. Tunatunga shanga, tunatunga samaki, tunatunga mashairi. Nenda ufuoni Dunga jioni, utaona ngege watatu wanne wametungwa kwa kamba iliyopitishwa mashavuni, mtu amewaning'iniza mkononi anarudi kwake. Mtoto wa huku hujua mtungo wa samaki kabla hajafundishwa utungo wa shairi, na neno ni lile lile. Hata maneno tuliyochukua kwa Waarabu yanasema hivyo. Nudhumu, yaani maneno ya kishairi, asili yake ni kupanga shanga katika uzi. Nathari, maandishi ya mfululizo kama haya yangu, asili yake ni kutawanya. Nilipolijua hilo niliacha kushona kwa muda, nikazitazama shanga zilizomwagika mezani kwangu na zile zilizokwisha kuingia kwenye uzi.

Washairi wa pwani walilijua zamani. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule aliyeyalilia magofu ya Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, katika shairi lake la Al-Inkishafi, anaanza kwa kusema kusudi lake ni kutunga koja la lulu, yaani pambo la kuvaa shingoni. Shairi lote lile la majumba yaliyokuwa na taa na sasa yana popo, analiita koja. Naye Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alimtungia bintiye utendi, yaani shairi refu, mwaka 1858, akiwa amelemewa na maradhi ya mwaka mzima. Anamwita binti akae karibu, alete wino na karatasi. Kisha anamwambia atamtungia kidani cha lulu na marijani, amvike shingoni. Kidani hicho hakikutoka kwa sonara. Ni nasaha zenyewe, beti mia na ushee, za mama aliyejua hatakaa sana.

Sasa utazameni utendi kwa jicho la fundi. Kila ubeti una vipande vinne vifupi. Vitatu vya mwanzo vina kina chao, yaani sauti moja ya kumalizia, na ubeti unaofuata unaweza kuleta kingine. Kipande cha nne hakibadiliki: sauti yake ya mwisho ni ile ile toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Huo ndio uzi. Beti ni lulu, kila moja na mng'ao wake, na kile kina cha mwisho kinapita katikati ya zote. Mwana Kupona aliposema anatunga kidani alikuwa anaeleza kazi ya mikono yake ilivyo.

Na ile jozi ya lulu na marijani hakuibuni yeye. Imo katika Kurani, Sura ya Ar-Rahman, aya ya 22, panapotajwa bahari mbili zinazokutana na kutoa vitu hivyo viwili. Binti aliyeisikia sura hiyo tangu utotoni alijua mara moja mama anachota wapi.

Binti yangu mimi alikutana na lulu ya namna nyingine. Akiwa kidato cha tatu walisoma The Pearl, riwaya ya John Steinbeck ya mwaka 1947. Usiku nikipiga pasi alikuwa akinisomea kwa sauti na kunifasiria palipo pagumu. Kino ni mvuvi maskini wa La Paz, huko Meksiko. Mtoto wake mchanga anaumwa na nge, daktari anakataa kumtibu kwa kuwa wazazi hawana pesa, kisha Kino anazamia na kuibuka na lulu kubwa kuliko zote. Akiitazama anaona humo ndani harusi yake kanisani na Juana, mama wa mtoto wake, anaona bunduki, anaona mtoto wake amekaa darasani anasoma. Mnunuzi anataka kumpa peso 1,000. Yeye anaamini ni ya peso 50,000. Juana anamsihi airudishe baharini, na usiku anapokwenda kuitupa mwenyewe, Kino anampiga. Mwishoni mtoto amekufa kwa risasi, na lulu inarudi majini kwa mkono wa Kino.

Walimu husema lulu ile ni tamaa, na wanafunzi huandika hivyo wakapata alama. Sipingi. Lakini kuna jambo ambalo mimi kama fundi sikuweza kulipita: lulu ya Kino haikutobolewa kamwe. Imefungwa kwenye kitambaa, imefukiwa chini ya sakafu, imechunguzwa na wanunuzi, imemwagiwa damu, na hakuna shingo hata moja iliyoivaa. Lulu isiyo na tundu haina pa kupitisha uzi. Nilimwambia binti yangu hivyo, akaacha kusoma kidogo, akaliandika pembeni ya daftari lake.

Tangu hapo nikikutana na lulu moja peke yake katika maandishi hutafuta ni nani anayeipigia bei. Othello, jemadari wa tamthilia ya Shakespeare, akiisha kumuua mkewe, anajifananisha na mtu aliyetupa lulu yenye thamani kuliko kabila lake lote. Mke amekuwa kitu cha kumilikiwa na kupotezwa. Jirani zetu wa Uganda wanaitwa lulu ya Afrika, jina lililoenezwa na Winston Churchill katika kitabu chake cha 1908, baada ya kupita hapa hapa Kisumu na kuvuka ziwa kwa meli. Ni sifa tamu, na Waganda wanaipenda. Hata hivyo aliyeitoa alikuwa waziri mdogo wa serikali iliyokuwa ikiitawala nchi hiyo.

Najua mtanijibu kwa yule mfanyabiashara wa Mathayo 13, aliyeuza vyote alivyokuwa navyo akanunua lulu moja. Huyo namkubali. Ile ni mfano wa Ufalme wa Mbinguni, na sioni nyingine iliyostahili bei hiyo.

Kuna maana moja ambayo naomba waandishi waipumzishe: kwamba lulu huzaliwa na maumivu, kwa hiyo aliyefiwa avumilie, uchungu wake utageuka kito. Ni kweli chaza hukizungushia kile kilichomwingilia, mara nyingi kidudu na si punje ya mchanga, tabaka baada ya tabaka. Lakini ili lulu itoke, chaza huyo kwa kawaida hupasuliwa akafa. Mjane hafarijiki kwa hilo.

Mwaka jana mama mmoja wa makamo aliniletea kitambaa cha mkononi kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na lulu za marehemu mama yake. Kidani kilikatika kanisani wakati wa wimbo, zikatawanyika chini ya mabenchi, na watoto walipomaliza kuziokota zikakosekana mbili. "Fundi, utaweza?" Nikamwambia, "Nitaweza, mama." Niliisugua moja kwenye jino, ikakwaruza. Aliyezitunga mwanzo hakuweka mafundo, ndiyo maana uzi ulipokatika zilikimbia zote. Nikatumia uzi wa hariri, na baada ya kila lulu nikafunga fundo dogo nikilisukuma kwa ncha ya sindano hadi libane, ili siku uzi ukikatika idondoke moja tu. Ilinichukua jioni mbili.

Alipokuja, kwanza alizihesabu, akaona zile mbili hazipo, akanyamaza. Nikamvika mbele ya kioo. Mafundo nayo huchukua nafasi yake kwenye uzi, kila moja kidogo kidogo. Kidani kilikuwa kimerefuka kuliko alivyokizoea, kikamkalia chini kidogo ya koo, na yeye akakishika kwa vidole viwili akawa anaenda fundo kwa fundo.