Unga Mweupe Ukingoni mwa Mboni: Maswali na Majibu

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu protini zinazojilimbikiza ndani ya jicho la mtu mzima. Nimechagua chache, nami nitazijibu moja baada ya nyingine.

Habari za kazi, Daktari. Nina miaka 67. Nilikwenda kupima miwani nikaambiwa jicho la kushoto lina “unga wa protini” juu ya lenzi, na kwamba nisikose kurudi. Nikijitazama kwenye kioo sioni kitu, wala jicho haliumi. Ni uchafu gani huu? (Msomaji, Tanga)

Shikamoo, mzee wangu. Hicho si uchafu, wala hakikuingia kutoka nje. Ni nyuzi nyembamba mno za protini ambazo seli za jicho lenyewe zimezitengeneza kwa kasoro, zikashikamana na kubaki pale pale kwa sababu mwili haukuweza kuziondoa. Wachunguzi wamekuta ndani yake elastini na fibrilini, ambazo ni protini za nyuzi za kunyumbuka, pamoja na klasterini, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuzuia protini nyingine zisigande. Aliyeeleza hali hii kwa mara ya kwanza ni daktari wa Ufini, John Lindberg, mwaka 1917, na leo huitwa sindromu ya eksfolieshoni.

Kwenye kioo cha nyumbani huwezi kuuona. Daktari hutia kwanza dawa ya kutanua mboni, kisha huitazama lenzi iliyo nyuma ya mboni kwa darubini yenye mwali mwembamba wa taa. Hapo huona duara hafifu la kijivu katikati, halafu pete iliyo safi, halafu ukanda mweupe wenye mikwaruzo pembezoni, na mara nyingi chembe kama mba zimekaa ukingoni mwa mboni. Ile pete safi ndiyo inayoeleza jinsi madhara yanavyotokea. Mboni hujikunja na kujikunjua siku nzima kufuatana na mwanga, na kila mara ukingo wake hujisugua juu ya lenzi yenye unga unaokwaruza, kama nazi inavyokunwa kwenye mbuzi. Unga hufutika mahali hapo, lakini rangi ya jicho nayo hukwanguka. Rangi hiyo na nyuzi zenyewe huchukuliwa na maji ya ndani ya jicho hadi kwenye kichujio chao cha kutokea, nacho huziba kidogo kidogo, presha ikapanda, na mwishowe neva ya jicho ikaumia. Hiyo ndiyo glakoma.

Si kila mwenye unga huu hupata glakoma, ila anayeipata kwa njia hii huharibikiwa haraka kuliko wenye glakoma ya kawaida. Presha ya jicho kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki, na kwa wagonjwa hawa huyumba sana kati ya asubuhi na jioni, kwa hiyo kipimo kimoja kizuri kisikutulize. Jicho la kulia nalo lipimwe, kwa kuwa nyuzi hizi zinaweza kuwamo kabla ya kuonekana.

Je, nikipunguza mayai, nyama na maharage, unga huo utapungua? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Protini ya chakula huvunjwavunjwa tumboni kabla ya kuingia kwenye damu, na jicho hujitengenezea protini zake lenyewe. Endelea na maharage yako.

Mama yangu ana mtoto wa jicho na anasubiri upasuaji. Daktari amesema mama ana eksfolieshoni na kwamba upasuaji wake “una mambo”. Mambo gani hayo? (Msomaji, Dodoma)

Yako mawili. La kwanza, mboni ya mwenye hali hii mara nyingi haitanuki vizuri hata kwa dawa, na mpasuaji hulazimika kufanya kazi kupitia tundu dogo. La pili ni zito zaidi: lenzi huning'inia kwa nyuzi nyembamba zilizofungwa pande zote, mfano wa ngozi ya ngoma inavyowambwa kwa kamba, na protini hii hulegeza kamba hizo. Lenzi inaweza kuyumba mkononi mwa mpasuaji, na hata upasuaji ukienda salama, lenzi bandia inaweza kuhama miaka kadhaa baadaye. Mpasuaji aliyejua mapema huandaa vifaa vya kupanua mboni na pete maalumu ya kuutegemeza mfuko wa lenzi. Kwa maoni yangu, daktari aliyewaeleza hayo mapema ni wa kumshukuru.

Mtoto wa jicho wenyewe pia ni suala la protini, lakini za aina nyingine. Protini za lenzi huganda kwa uzee, nyingi zikiwa madonge yasiyo na umbo maalumu badala ya nyuzi. Hakuna matone wala asali iliyothibitika kuyayeyusha.

Baba ameambiwa ana madoa ya manjano nyuma ya jicho, yaitwayo druseni. Ni kitu kile kile? Nimesikia yana protini ya ugonjwa wa kusahau. (Msomaji, Kampala)

Ni ndugu wa mbali. Druseni hukaa chini ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, nazo ni mchanganyiko wa mafuta na protini, klasterini ikiwemo. Ni kweli pia kwamba beta-amiloidi, inayojulikana sana katika ugonjwa wa Alzheimer, imeonekana ndani ya baadhi yake, lakini kuwa na druseni si dalili kwamba baba atapoteza kumbukumbu. Kinachohofiwa ni kupotea kwa uoni wa katikati. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kuwa vitamini C na E, beta-karotini na zinki hupunguza kwa takriban asilimia 25 uwezekano wa hali kuwa mbaya, kwa wale waliokwisha fika hatua ya kati, au hatua ya juu katika jicho moja. Baadaye beta-karotini iliondolewa kwa sababu iliwaongezea wavutaji sigara hatari ya saratani ya mapafu. Ikiwa baba anavuta sigara, aiache.

Hii eksfolieshoni si ugonjwa wa Ulaya ya Kaskazini? Bibi yangu ni mzaliwa wa Unguja. (Msomaji, Maskati)

Sifa hiyo ilitokana na mahali ulikochunguzwa kwanza. Madaktari wa Ethiopia na Afrika Kusini nao huukuta. Mwaka 2007 watafiti wa Iceland na Sweden waliuhusisha na jeni ya LOXL1, inayosaidia kuunganisha nyuzi za elastini. Lakini sura ya jeni hiyo iliyohusishwa na ugonjwa wanayo pia wazee wengi wasiougua, na kwa Waafrika wa Afrika Kusini sura iliyohusishwa na ugonjwa ni kinyume cha ile ya Ulaya. Kwa hiyo kipimo cha jeni hakitamsaidia bibi. Kupima presha ya macho kutamsaidia.

Natumia matone miezi sita sasa na unga bado uko. Niache? (Msomaji, Mombasa)

Usiache. Matone hushusha presha. Hayayeyushi nyuzi, na dawa ya kuziyeyusha haijapatikana. Tia tone moja, funga jicho, na ubonyeze kwa kidole pembe iliyo karibu na pua kwa dakika mbili ili dawa isiteremkie kooni. Ikiwa matone yako ni ya dawa iitwayo timololi na una pumu, rudi kwa daktari wako kabla ya tone linalofuata, kwani inaweza kukubana kifua.