Kwa nini taarifa zote zinaangukia safu ya kwanza?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatengeneza programu ya kompyuta ya mezani kwa ajili ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Moshi Vijijini, kwa kutumia Visual Basic ya .NET na hifadhidata ya Access. Nimeweka ListView (kidhibiti cha kuonyesha orodha kwenye dirisha) yenye safu nne: namba ya mwanachama, jina, kijiji na kilo alizoleta. Nikiiendesha, taarifa zote nne za kila mwanachama hupangana wima katika safu ya kwanza, na safu nyingine hubaki tupu. Tena, nikipanga kwa kilo, mwenye kilo 1000 hutangulia mwenye kilo 95. Naomba msaada.
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, hifadhidata yako haina kosa, na vichwa vya safu navyo umeviandaa vizuri, kwani visingeonekana kabisa kama sifa ya View usingeiweka kuwa Details, yaani mwonekano wa safu. Tatizo liko katika namna ya kujaza. ListView haijui rekodi ni nini. Kwake mstari mmoja ni ListViewItem moja, ambayo maandishi yake hukaa katika safu ya kwanza, huku SubItems zake, yaani vipengele vidogo vya mstari huo, zikisambaa katika safu zinazofuata kwa mfuatano uleule uliotumia kuziongeza. Bila shaka unaita Items.Add mara nne kwa kila rekodi, na kila mwito unazaa mstari mpya. Ndani ya kitanzi kinachosoma rekodi, unda ListViewItem moja kwa namba ya mwanachama, ongeza jina, kijiji na kilo katika SubItems zake, ndipo uiingize katika orodha.

Hapo kuna mtego ambao huonekana baada ya programu kuanza kutumika. Mwanachama ambaye kijiji chake hakikuandikwa usimruke: ongeza maandishi matupu mahali pa kijiji, la sivyo kilo zake zitasogea na kusomeka chini ya kichwa cha kijiji. Kumbuka pia kwamba GetString, amri inayosoma maandishi kutoka kwenye rekodi, ikikutana na thamani ya Null (uga usiojazwa kitu) hurusha hitilafu, kwa hiyo tanguliza kuuliza kwa IsDBNull.

Kuhusu kupanga, kila kilichomo katika ListView ni maandishi, na maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kuanzia kushoto. 1 hutangulia 9, basi 1000 hutangulia 95. Njia nyepesi ni kuiachia hifadhidata kazi hiyo kwa ORDER BY, agizo la kupanga katika hoja ya SQL, mradi uga wa kilo katika Access uwe wa aina ya namba, na sifa ya Sorting ya orodha ibaki None. Kama unataka karani abofye kichwa cha safu ili apange, itakubidi uandike kilinganishi chako cha IComparer kinachogeuza maandishi kuwa namba kabla ya kulinganisha. Namba za uanachama zinazoanza na sifuri ziache zilivyo, kwa maana ukizigeuza sifuri hizo zitapotea.

Ufunguo mkuu wa rekodi (thamani inayoitambulisha rekodi moja tu) uhifadhi katika sifa ya Tag ya kila mstari, ili karani akichagua mtu ujue rekodi ipi ifunguliwe. Usitegemee jina; katika daftari la chama cha mlimani, akina Mushi na Massawe ni wengi mno. Kilo zipangwe kulia kwa TextAlign, lakini usizihamishie safu ya kwanza, ambayo daima hubaki kushoto. Ujazaji wote uwe kati ya BeginUpdate na EndUpdate, orodha isichorwe upya kwa kila mstari.

Ikiwa karani atasoma na kuchagua tu, mimi ningebaki na ListView, kwa kuwa ni nyepesi na haimpi mtu nafasi ya kuharibu takwimu kwa bahati mbaya. Ikiwa atasahihisha kilo palepale kwenye jedwali, hamia DataGridView, kidhibiti cha jedwali linaloharirika, mapema: hiyo huunganishwa moja kwa moja na DataTable (jedwali la data lililo kwenye kumbukumbu ya programu), na safu ya namba huipanga kama namba bila wewe kuandika kilinganishi chochote.