Nusu ya A+ imebaki mkononi

Swali: Nilifaulu mtihani wa kwanza wa CompTIA A+ (cheti cha ufundi wa kompyuta), namba 220-1101, nikauahirisha wa pili kwa kubanwa na kazi. Sasa nasikia toleo hilo limefungwa. Nikifanya 220-1202, yaani wa pili wa toleo jipya, nitapata cheti?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na naumia kukwambia. Cheti hutolewa kwa mitihani miwili ya toleo moja, na toleo lako lilifungwa Septemba 2025. Itabidi ufanye 1201 na 1202. Madaftari usitupe: printa, kebo na anwani za IP ni zilezile. Pakua orodha mpya ya mada, kata unazozijua, soma zilizobaki. Mimi nilipokwama hivyo, nililipia mitihani yote miwili siku moja, nisiwe na pa kukimbilia.