Mwanangu, uzamili usubiri kwanza

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ukimaliza shahada ya sheria uende moja kwa moja kusomea uzamili wa haki za binadamu, au uingie kazini kwanza. Ingia kazini. Pita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, uapishwe uwakili, ushike kesi za kawaida: dhamana, ardhi, mirathi.

Mashauri mengi ya haki za binadamu hufia mlangoni. Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ina masharti saba ya kupokewa shauri, na linaloangusha wengi ni kumaliza kwanza njia za mahakama za nchini. Hoja uliyoiacha Mahakama Kuu na ya Rufani itakusumbua ukifika kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Banjul, Gambia.

Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, haidai hilo, ila inakupa miezi miwili tu tangu kitendo kitokee au mlalamikaji akijue, na imeshaamua kwamba ukiukaji unaoendelea haurefushi muda. Shauri la mateso ya Mlima Elgon, Kenya, lilianguka mwaka 2012 kwa kuchelewa. Watu wameumia, na kilichowashinda ni kalenda!

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko hapo hapo Arusha, lakini Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu wananchi kuishtaki humo, na tangu 22 Novemba 2020 mwananchi hawezi kuifungulia shauri jipya. Hilo linaniuma. Imebaki kupitia Tume, kama Waogiek, jamii ya msitu wa Mau nchini Kenya: Kenya haikuwahi kutoa tamko, Tume ikalipeleka shauri lao, wakashinda 26 Mei 2017. Amri ya fidia, shilingi za Kenya 157,850,000, ilikuja 2022.

Jifunze hasa kuchukua maelezo ya shahidi. Andika kwa lugha aliyosema, bila kumpambia. Tenga aliyoyaona na aliyoyasikia. "Askari walikuja usiku" haitoshi: tarehe gani, saa ngapi, sare gani, alisimama umbali gani, mwanga ulitoka wapi? Msomee, arekebishe, ndipo atie saini au dole gumba. Tafsiri iwe karatasi yake, yenye jina la mtafsiri. Kwenye jalada tumia namba. Jina lake lifungiwe kwingine. Na usimwahidi ulinzi usioweza kumpa, kwa sababu wewe utaondoka, yeye atabaki na wale wale waliomtesa.

Ukishasimamia kesi miaka miwili mitatu, omba uzamili Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini. Kifaransa kianze sasa. Majalada mengi ya Arusha na Banjul yameandikwa kwa lugha hiyo.

Mama yako