Kabla hujairusha hiyo video

Ndugu yangu, umeuliza kama uirushe mitandaoni video uliyorekodi bosi wenu akimtukana mfanya usafi mbele ya wateja, au ukae kimya ulinde kibarua chako. Hasira yako ina haki kabisa. Ila mimi nisingeirusha, angalau kwa sasa.

Aliyetukanwa ni huyo mfanya usafi. Umemuuliza? Ikishatoka, sura yake akilia ndiyo itakayozunguka. Watu wataikata, wataiwekea muziki na vichekesho (tunawajua), na baada ya muda bosi atasahaulika huku yule mama akinyooshewa vidole barabarani. Huko ni kumdhalilisha mara ya pili, na safari hii wewe ndiye uliyeanzisha.

Mtafute pembeni, mwonyeshe, mwachie uamuzi. Akitaka kulalamika, video inakuwa ushahidi, kwa hiyo usiikate wala kuipamba. Tunza ile ya awali kwenye simu na nakala mahali pengine. Ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida hubanwa, ubora unashuka na taarifa za ni lini ilirekodiwa hupotea. Itume kama faili. Andika pia ulichokiona, saa ngapi, na nani wengine walikuwepo.

Akikataa, iache. Inauma, najua. Lakini hapo bado unaweza kumfuata bosi na wenzako wawili watatu, mkamwambia waziwazi kwamba lugha ile hamuitaki kazini. Usiende peke yako.