Unatafuta mistari au ncha zake? Amua kabla ya kuandika msimbo

Watu wengi wakitaka kompyuta iwatafutie mistari kwenye picha hukimbilia njia ileile: Canny kupata kingo (pale mwanga unapobadilika ghafla), kisha HoughLinesP ya kutafuta mistari, zote za OpenCV, maktaba ya msimbo wa picha, kisha kuchezea namba mpaka macho yaridhike. Kwa mistari yenyewe, mara nyingi inatosha. Kwa ncha, yaani pikseli mstari unapoanzia na unapoishia, njia hiyo itakutesa. Kazi yangu ni kugeuza michoro ya kalamu iliyoskaniwa kuwa data, na kinachotakiwa kikiwa ni ncha, Hough siigusi.

Sababu iko kwenye hesabu yenyewe. Paul Hough alipewa hataza yake mwaka 1962, na njia yake ilitegemea mteremko wa mstari. Mstari ukisimama wima, mteremko hauna kikomo na hesabu inagoma. Mwaka 1972 watafiti Duda na Hart wakaibadilisha itumie umbali (ρ) na pembe (θ): ρ = x cos θ + y sin θ. Kila pikseli inaipigia kura mistari yote inayoweza kupita juu yake, na yenye kura nyingi inashinda. Safi sana, ila mshindi ni mstari usio na mwanzo wala mwisho. HoughLinesP hujaribu kuukata, lakini pa kukatia panategemea maxLineGap, yaani pengo kubwa linaloruhusiwa, uliyoweka wewe: ukiiongeza, mistari miwili inayofuatana inaungana, ukiipunguza, mmoja unakatikakatika. Canny nayo inaleta balaa lake, maana mstari wa wino wenye unene wa pikseli 6 una kingo mbili, hivyo unapata mistari miwili sambamba pale ulipochorwa mmoja.

Kama picha yako ni mchoro, achana na kingo. Ifanye nyeusi na nyeupe tupu: kwa Otsu (kizingiti kimoja cha picha nzima, kinachokokotolewa chenyewe) ikiwa imetoka kwenye skana, kwa adaptiveThreshold (kizingiti kinachobadilika eneo kwa eneo) ikiwa imepigwa kwa simu na ina kivuli upande mmoja. Wino uwe mweupe na karatasi nyeusi, la sivyo utaikondesha karatasi. Kisha kondesha mistari kwa skeletonize ya scikit-image, maktaba nyingine ya picha ya Python; inamenya wino mpaka ubaki uzi wa pikseli moja.

Hapo ncha zinajitokeza zenyewe. Pikseli ya katikati ya uzi ina majirani wawili, ya njia panda watatu au zaidi, ya mwisho mmoja. Chukua kichujio cha 3 kwa 3, weka 10 katikati na 1 kwenye nafasi nane zilizobaki, kipitishe juu ya uzi wenye thamani za 0 na 1. Jibu likiwa 11, hapo pana ncha.

Karibu kila mara, si kila mara. Tazama mwisho huu:

0 0 0
0 1 0
0 1 1

Hii ni ncha, lakini ina majirani wawili wanaogusana, kwa hiyo jibu ni 12 na inakuponyoka. Dawa ni kuwazunguka majirani wote nane kwa mfuatano na kuhesabu umetoka 0 kwenda 1 mara ngapi. Ikiwa ni mara moja tu, na majirani hawazidi wawili, ihesabu kuwa ncha.

Kukondesha nako kuna gharama. Kwanza, wino wenye kingo za kukwaruza huota vijitawi, na kila kijitawi kinakuja na ncha ya uongo. Mimi hufuta tawi lolote lililo fupi kuliko unene wa mstari. Pili, uzi unaweza kufupika kila upande kwa karibu nusu ya unene. Chukua pikseli kama 15 za mwisho, tafuta mwelekeo wake kwa fitLine ya OpenCV (haisumbuliwi na mistari wima), kisha songa mbele kwenye picha ya kabla ya kukondesha mpaka wino uishe.

Mistari iliyokatika ndiyo inayokula muda. Kila pengo linazaa ncha mbili zisizotakiwa. Wengi huziba mapengo kwa kutanua wino kabla ya kukondesha, nami siipendi njia hiyo, kwa sababu inaunganisha pia mistari miwili iliyokaribiana. Ni afadhali uache mapengo, upate ncha zote, ndipo uunganishe jozi zilizo karibu na zinazotazamana. Masharti yote mawili yatimie; ukaribu peke yake hautoshi.

Angalia na mpangilio wa namba: np.where ya NumPy inakupa safu mlalo kwanza, yaani y, wakati cv2.circle inataka x kwanza. Alama zako zikionekana zimepinduka kama kwenye kioo, anza kukagua hapo.

Kwa picha za kawaida, kama majengo au barabara, kukondesha hakufai kwa kuwa hakuna wino wa kumenya. Tumia LSD (Line Segment Detector), ambayo inatoa vipande vyenye ncha zake moja kwa moja. Katika OpenCV iliondolewa kuanzia toleo 4.1.0 hadi 4.5.3 kwa mgogoro wa leseni, kwa hiyo ikigoma, tazama toleo lako kwanza.

Kabla ya kugusa picha halisi, chora mistari yako kwa cv2.line ukijua ncha zake: wa wima, wa mlalo, wa mshazari, minene na myembamba. Ihifadhi kama PNG, kwa sababu JPEG huacha madoa kandokando ya mistari. Endesha programu, pima tofauti kwa pikseli. Ila cv2.line huviringisha miisho ya mistari minene, hivyo wino hupita ncha uliyoitaja kwa karibu nusu ya unene; toa nusu hiyo kwanza. Kosa likiendelea kukua kadiri mstari unavyonenepa, ile hatua ya kurefusha uzi haifanyi kazi.